Muuza Chumvi Kwenye Jumba la Taifa

Taipei, 6 Juni 1995

Kwa mke wangu Kimlian,

Usicheke. Madou nzima inajua kwamba nilikuoa jukwaani mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na talaka sijakupa hata moja. Sasa mumeo anakuita, uje.

Unalikumbuka lile Jumba la Taifa? Mwaka ule mwanao Bunhiong alipokuleta mjini tulipiga picha chini ya zile nguzo nyekundu, ukatazama lile paa la vigae vya manjano lililopinda pembeni kama mashavu ya mtu anayetabasamu, ukasema: "Hekalu kubwa hivi, na halina mungu hata mmoja ndani." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Basi wametuita. Si pale uwanjani kwa wauza soseji. Ndani, jukwaani kabisa. Mwezi wa Oktoba wanataka wazee wa opera yetu ya mitaani waonyeshe kila mmoja kipande chake, Jumapili alasiri. Wakaniuliza nataka kipande gani. Sikuhitaji kufikiri, nikasema "Muuza Chumvi Kisimani". Wakauliza nani ataimba mke. Nikasema mke wangu ni mmoja tu, na analima mabalungi.

Nani mwingine atasimama kisimani miaka kumi na minane akimngoja mumewe, kisha aje muuza chumvi kajaa vumbi, naye amuulize habari za mume huyo bila kujua kwamba ndiye? Mwanafunzi wangu Giokti ana sauti nzuri, tena safi. Lakini ni sauti ambayo haijalala njaa. Sisi tuliimba kwenye matope, tukaimba juu ya lori lililoharibika, tukaimba mbele ya mahekalu ambako watazamaji walikuwa mbwa na miungu tu. Nataka mara moja tuimbe mahali pakavu.

Nijibu upesi. Na usiniambie magoti yanauma, yangu yameanza kuuma kabla ya yako.

Mumeo asiye na ndevu,
Siokhun


Madou, 17 Juni 1995

Kwa Dada Siokhun, mwanamume wa bandia,

Barua yako nimeisoma chini ya mbalungi, nikaisoma tena jikoni, wali ukaungua. Bichu, mke wa mwanangu, akaniuliza, "Mama, ni habari mbaya?" Nikamwambia mume wangu wa zamani ananitaka. Maskini, alishika mlango.

Kwa hiyo sasa wanatutaka. Walipolijenga jumba lile walisema ni la sanaa ya taifa, nami nikajiuliza sisi ni sanaa ya nani. Wakati huo opera ya wakubwa waliotoka ng'ambo ya bahari ndiyo iliyokuwa na viti vya mahameli. Yetu ilikuwa kelele za wakulima. Bunhiong wangu shuleni alivishwa kibao shingoni kwa kutamka neno moja la lugha ya nyumbani. Na lugha hiyohiyo ndiyo wanayotaka nikaiimbe chini ya paa lao la manjano? Nilitaka kukuandikia hapana, ili nione utanibembeleza namna gani.

Lakini wewe hujui kubembeleza, hata jukwaani ulikuwa unanikokota mkono kama mbuzi. Basi nitakuja. Nitavaa ile nguo ya bluu na mikono mirefu ya hariri, kama panya hawajaitangulia. Kuimba naimba kila siku. Miti yangu imechoka kunisikia.

Mwambie Mzee Khoo asipige ngoma haraka nikianza wimbo wa kilio. Yeye kila mara anakimbilia kula.

Mkeo usiyempa talaka wala matunzo,
Kimlian


Taipei, 26 Juni 1995

Kimlian,

Nimefurahi kama mtoto. Kuhusu Mzee Khoo, huo utani wako haujazeeka: nenda mwenyewe kaburini ukamwambie asiharakishe. Mimi na wewe ndio tulioshika jeneza lake kwa nyuma, nawe ukalalamika kwamba hata akiwa mfu mzee yule alikuwa mzito.

Jana nilipanda jukwaa lile kwa mara ya kwanza, pakiwa hapana mtu. Nilitembea kutoka pembe hadi pembe nikahisi nimevuka shamba. Hakuna upepo, hakuna mtoto anayelia. Niliimba mstari mmoja, ukaenda ukapotea kwenye viti vya juu, wala haukurudi. Nikaogopa kidogo. Kwa hiyo lazima uje, nisiogope peke yangu.

Jambo moja litakuudhi. Pembeni mwa jukwaa kuna skrini mbili zinazoonyesha maneno tunayoimba, ili wasiojua lugha yetu wasome. Kwa hiyo maneno lazima yaandikwe kabla, nasi tuimbe yaleyale. Najua. Mimi na wewe hatujawahi kuimba kisa kimoja kwa maneno yaleyale mara mbili. Tulikuwa tunaambiwa nani anakufa na nani anaolewa, mengine tunayatunga tukiwa tumeshapanda. Lakini jaribu. Nimekuandikia sehemu yako kwa herufi kubwa. Imba uking'oa magugu, itaingia.

Siokhun


Madou, 9 Julai 1995

Kwa Mama Mkubwa Siokhun,

Shikamoo. Mimi ni Bichu, mke wa Bunhiong. Tulionana siku ya msiba wa baba mkwe, nilikuwa nagawa chai. Nisamehe kukuandikia bila Mama kujua.

Yale maneno uliyomtumia ameyabandika ukutani jikoni. Kila asubuhi anayasoma, na kila asubuhi ananiuliza nani ameyabandika. Mwanzoni nilidhani ananitania, kwa sababu unajua Mama alivyo. Sitanii, Mama Mkubwa. Mwezi wa pili alipotea katikati ya mabalungi yake mwenyewe, miti aliyoipanda yeye na baba mkwe. Tulimkuta ameketi chini, ametulia, anasema anangoja lori la kikundi lije kumchukua. Tumempeleka kwa daktari Tainan. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haurudi nyuma. Mama tulimwambia ni upungufu wa damu. Anakunywa vidonge bila kuuliza.

Bunhiong anasema mama yake hajawahi kuaibika mbele za watu, na asianze sasa, tena mbele ya watu wa mjini waliovaa tai. Tunakuomba utafute sababu yoyote ya kumwondolea safari hii. Sema onyesho limeahirishwa. Atalia, kisha atasahau. Ni vibaya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Mwanao,
Bichu


Taipei, 15 Julai 1995

Kwa Bichu, mwanangu,

Barua yako niliiweka mezani nikaenda kufundisha. Wanafunzi waliniona nimekosea hatua nisizokosea tangu nina miaka kumi. Nilirudi nikaisoma tena. Kumbe Mzee Khoo hakuwa utani.

Nilikaa kuandika ule uongo mnaoutaka. Nimeuandika mara kadhaa na kuuchana. Siku hiyohiyo ilifika barua nyingine ya Mama yako, kurasa tatu, hakuna salamu wala jina, ni nyimbo tupu za yule mke wa kisimani. Si zile nilizomwandikia. Ni mpya, na ni nzuri kuliko zangu zote. Mtu anayetunga hivyo hajaondoka, Bichu. Amepotea njia ya jikoni tu.

Nimekwenda kwa kijana anayesimamia onyesho letu, Bwana Ong. Ni mtu mpole, bibi yake aliwahi kuuza karanga mbele ya majukwaa yetu. Nimemwambia yote. Amekubali kwamba kipande chetu kikifika, skrini zizimwe, aimbe atakavyo. Giokti atakuwa nyuma ya pazia amevaa nguo ileile ya bluu, na Mama akichoka atatoka yeye. Mimi nitakuwa mbele yake muda wote. Nimecheza naye ujana wangu wote. Akianguka najua anaangukia upande gani.

Lakini ninyi ndio wanawe. Bunhiong akisema hapana, nitauandika ule uongo na sitalaumu mtu. Mngoje, mpime, mniambie.

Mama yenu Mkubwa,
Siokhun


Madou, 12 Septemba 1995

Dada yangu,

Sikukuu ya mwezi imepita na mabalungi yamekwisha mtini. Nimekutumia boksi moja. Uyaweke mpaka maganda yalegee ndipo ule, usiwe na pupa.

Leo kichwa changu kiko wazi, kwa hiyo naandika haraka kabla hakijafunga. Najua kinachonipata. Bichu anadhani sijui. Ananipa vidonge vya damu, nami navimeza nisije nikamhuzunisha. Mama yangu alikwenda hivihivi, mwisho aliniita shangazi. Usiwaambie watoto kwamba najua. Waache wanifiche, ndiyo heshima waliyobaki nayo ya kunipa.

Bunhiong alikataa, kisha juzi nilimwimbia akiwa anapanga maboksi. Alikwenda nyuma ya nyumba, aliporudi akasema, "Mama, nitakupeleka mwenyewe." Sijui umewaandikia nini. Ahsante.

Nataka kuimba pale, Dada. Zamani nilisema sitaki kwa kiburi. Sasa nataka kwa sababu kila siku inaondoka na kitu. Jana lilikuwa jina la mume wangu, nililipata jioni kwenye hati ya kaburi lake. Nyimbo ndizo za mwisho kuondoka, nazijua, ni kaidi kama mimi. Nizitoe nje kabla hazijafa ndani.

Nikipotea jukwaani usinisahihishe. Ushike mkono wa nguo yangu, uniitikie kwa lolote nitakaloliimba, kama zamani. Wewe ulikuwa hodari wa kuitikia. Hukuwahi kuniacha na mstari mmoja hewani.

Mkeo,
Kimlian


Madou, 29 Oktoba 1995

Kwa Mama Mkubwa Siokhun,

Shikamoo. Nashukuru Mama na Bunhiong walirudi salama. Lakini nahitaji unieleze, maana humu ndani hakuna anayenieleza. Mimi sikuweza kuja, mama yangu mzazi alikuwa amevunjika nyonga, kwa hiyo sikuona lililotokea kule.

Bunhiong aliniambia neno moja tu: "Aliimba vizuri." Tangu hapo hasemi. Anafanya kazi mpaka giza, akila anamtazama mama yake kama mtu anayetaka kuuliza kitu akaogopa. Juzi nilimkuta ameketi na karatasi za zamani za uandikishaji wa familia. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anataka kujua yeye ni mtoto wa ngapi.

Na Mama hakumbuki Taipei hata kidogo. Nimemuonyesha picha, anasema, "Huyo mzee aliyepakwa rangi ni nani?" Treni hakumbuki, makofi hakumbuki. Lakini tangu aliporudi ana furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Ameutoa mfarishi mwekundu wa kitanda sandukuni, kila asubuhi anauanika kwenye ua. Ameniagiza nitandike kile chumba kidogo. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema, "Ginhua anakuja." Ananiambia nikiona mwanamke anasimama njiani na watoto nisimfungulie mbwa.

Mama Mkubwa, Ginhua ni nani?

Mwanao,
Bichu


Taipei, 3 Novemba 1995

Bichu, mwanangu,

Nitakueleza kama nilivyoona, kisha nitakueleza nilichokuwa nakijua. Msomee Bunhiong.

Mama yako alifika akiwa mchangamfu. Chumbani, tukipakwa rangi, alinifunga kamba ya kofia kama alivyokuwa akinifunga zamani, akaniambia uso wangu umekuwa kama balungi la mwaka jana. Tukacheka. Bwana Ong alikuja kusema ukumbi umejaa. Mama akamuuliza kama wamewawekea miungu viti vya mbele. Yule kijana hakucheka. Akasema atahakikisha.

Alitoka peke yake, akafika kisimani na ndoo, akaimba wimbo wa kwanza bila kukosea. Bichu, mimi niliogopa kwamba jumba lile lingemmeza. Yeye ndiye aliyelimeza. Skrini zilikuwa zimezimwa, na kutoka nyuma ya pazia niliona watu wa viti vya juu wameinama mbele, wale wasiojua hata neno moja la lugha yetu.

Nikaingia na mzega wangu wa chumvi begani. Hapo alitakiwa aniulize kama nimetoka upande wa mji mkuu. Hakuuliza. Alinitazama muda mrefu. Mpiga ngoma akangoja. Niliona macho yake yakiniacha yule muuza chumvi na kunifikia mimi. Akasema, bila kuimba, kwa sauti ya nyumbani kabisa:

"Dada, umerudi. Ulimfikisha?"

Nikajua anachosema. Akaingia kwenye wimbo wa kilio, na maneno ni haya, sitayasahau:

Ulimbeba asubuhi, njiani kuna ukungu,
Sikuuliza ni wapi, nilihofu moyo wangu.
Leo nimekuja, dada, nijibu maneno yangu:
Anakula, anavaa, analalaje mwanangu?

Sasa nikueleze. Kabla Mama yako hajaolewa, kabla ya Bunhiong, alikuwa na binti. Baba yake alikuwa mpiga fidla wetu, akachukuliwa na wanajeshi barabarani wala hakuonekana tena. Mama yako alikuwa na miaka ishirini. Alilea mtoto juu ya lori, akamnyonyesha nyuma ya pazia kati ya wimbo na wimbo. Mvua zilipokuja, maziwa yakakatika, na kikundi kizima tulikuwa tunakula viazi vitamu. Nje ya mji wa Touliu palikuwa na mchoma chokaa na mkewe waliofiwa na mtoto wao. Walimwona Ginhua wakampenda. Mama yako alikubali. Lakini kumpeleka hakuweza, akanipa mimi. Akaniambia, "Usinionyeshe njia, usiniambie nyumba, na usiniletee habari yake hata nikikuomba." Jioni ile aliimba.

Majira ya baridi yaliyofuata tulipita tena Touliu. Nilikwenda kimya kimya na kitambaa cha kumshonea gauni. Yule mke wa mchoma chokaa alitoka akifuta mikono yake kwenye aproni, akanyoosha kidole kuelekea kilimani. Ginhua alikuwa amekufa kwa surua. Walimzika kwenye kilima nyuma ya tanuri, na walikuwa wamemlilia kweli. Mama yako hakuniuliza, nami nilishika amri yake. Aliishi miaka yote hii akijua ana binti mahali fulani.

Basi pale jukwaani, watu wamejaa mpaka juu, aliniuliza. Na aliwahi kuniandikia kwamba nimuitikie lolote. Ngoma ilikuwa inangoja. Ningemwambia nini, Bichu? Niliushika mkono wa nguo yake nikaimba:

Nimepita kwake juzi, mlangoni kasimama,
Ana nyumba, ana mume, ana watoto wazima.
Nywele zake kama zako, sauti yake ni njema,
Kanituma nikwambie: atakuja kwako, mama.

Aliniwekea kichwa begani. Pazia likashuka. Watu walisimama, wakalia, wakapiga makofi mpaka Giokti aliyekuwa nyuma akaziba masikio. Walidhani ni sanaa. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba si maneno ya mchezo, alikuwa mstari wa mbele, na ni mumeo.

Mwambie dada yake alikuwa na kidoti chini ya jicho. Na mwambie anisamehe kwamba ameisikia habari hii mahali pale.

Siokhun


Madou, 21 Novemba 1995

Kwa Mama Mkubwa,

Nilimsomea Bunhiong. Alisikiliza amesimama. Asubuhi aliwasha pikipiki akaenda Touliu.

Tanuri hakuna tena, pana kiwanda cha vigae. Lakini alimpata mpwa wa yule mchoma chokaa, mzee sasa, akamwonyesha kilima. Kaburi halina jiwe, ila pamepandwa mti wa komamanga, na yule mzee alisema mke wa mjomba wake alikuwa akifagia pale kila mwaka mpaka alipokufa. Bunhiong amefagia. Alirudi na udongo kwenye kitambaa, ameuweka karibu na ubani tunaomfukizia baba mkwe.

Kisha akafanya jambo lililotugombanisha. Alisema si haki mama yake angoje mtu aliyekufa. Alisema ukweli ni haki ya mama kama alivyo na haki ya chakula. Nikamwambia, "Haki gani hiyo ya kumuua mtu?" Hakunisikia. Alimkalisha, akamshika mikono, akamwambia polepole, kwa upendo kabisa, kwamba Ginhua alifariki mdogo.

Mama Mkubwa, sijawahi kusikia kilio kile. Alilia kama aliyeletewa mtoto mikononi siku ileile. Alijipiga kifua, akamwita Mungu wa Kike wa Bahari, akataka kwenda Touliu kwa miguu na viatu vya ndani. Alilala kwa kuchoka tu, Bunhiong amemshika.

Asubuhi aliamka akaosha uso, akautoa mfarishi mwekundu akauanika. Akaniuliza kama nimenunua samaki, maana Ginhua huenda akaingia leo.

Bunhiong alikuwa mlangoni. Alitoka nje akakaa chini ya mbalungi mpaka nikamfuata. Aliniambia hatamwambia tena. Amesema, "Nikimwambia kila siku, kila siku atamzika. Mimi sina moyo huo." Mama Mkubwa, anaomba uje. Hana hasira na wewe. Amesema wewe ndiye uliyembeba dada yake, na yeye hana mwingine wa kumuuliza alifananaje.

Bichu


Madou, 9 Januari 1996

Kwa Mama Mkubwa,

Umesahau skafu yako. Lakini si kwa sababu hiyo naandika.

Sikusema kitu siku ile ulipofika, nikaogopa ningeharibu. Nilikuwa dirishani. Nilikuona unasimama njiani na begi lako, umevaa sketi, nywele umezichana, na Mama akaacha ufagio. Nilijua hatakutambua kwa jina lako, lakini nilidhani angekuita bwana, au muuza chumvi. Alikukimbilia kwa miguu ile mibovu, akakushika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umechelewa, mwanangu, umekula?"

Nami niliona jinsi ulivyomtazama. Uliangalia huku na huku kama mtu anayetafuta mwingine wa kuitika. Kisha ukasema, "Bado, Mama."

Bunhiong aliniambia baadaye kwamba ulimwuliza faraghani kama anakukataza kuitika kwa jina la Ginhua, kwa sababu jina ni la dada yake. Naye hakukukataza. Aliniambia kwamba wiki ile yote, uliyolala kwenye kile chumba kidogo, alimsikia mama yake akicheka asubuhi, akakuona na wewe ukichanwa nywele, mwanamke mzima wa miaka yako umeketi kwenye kigoda. Alisema hajui kama ni dhambi. Kama ni dhambi, amesema, iandikwe kwenye jina lake.

Tangu uondoke, Mama hali chakula. Anakaa kwenye ua anasema mwanawe amechukuliwa tena. Anasahau kila kitu, lakini kwamba umeondoka hajasahau. Daktari amesema tusitazamie muda mrefu. Mapafu yake nayo yamechoka. Najua una wanafunzi, una maonyesho, una maisha yako mjini. Bunhiong alinikataza nisikuombe. Basi sikuombi, nakueleza tu.

Chumba kiko tayari.

Mwanao,
Bichu


Taipei, 15 Januari 1996

Mama,

Nitafika Jumamosi kwa treni ya mchana. Usije stesheni, kuna baridi na kifua chako hakitaki upepo. Mdogo wangu Bunhiong atanipokea. Mwambie Bichu akusomee barua hii kila ukiitaka, yeye hachoki.

Niliondoka kwa sababu nilikuwa na kazi mjini ambayo sikuweza kuiacha ghafla. Sasa nimeiacha. Nimempa msichana mmoja mwenye sauti nzuri, naye atajifunza njaa kwa wakati wake. Nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe. Nguo zangu zote zimeingia kwenye sanduku moja, kumbe mtu hana vingi.

Uliniuliza kama walinilea vizuri kule. Walinilea vizuri. Baba alikuwa na mikono myeupe ya chokaa siku zote, na Mama wa kule alikuwa ananifagilia njia. Walinipenda. Hukukosea kunipeleka. Yule uliyemkabidhi anibebe hakuniangusha, alinifunika shali kichwani ukungu usinipate, na njia nzima alikuwa ananiimbia nyimbo zako.

Usishangae ukiniona nimezeeka kuliko ulivyofikiri. Njia ilikuwa ndefu.

Kula leo. Hata kidogo. Jumamosi nikifika tutakula pamoja, na sitaondoka tena.

Mwanao,
Ginhua